Foleni ya malori: Hasara ya kusubiri ni ya nani?

KILA malori yanapokwama mpakani au bandarini, magazeti yetu huandika habari ile ile kwa namna ile ile. Huhesabiwa malori, hutajwa urefu wa foleni kwa kilomita, kisha hutokea msemaji mmoja akasema kuwa taifa linapoteza mapato. Akimaliza huyo anakuja msemaji wa wafanyabiashara, naye anasema bidhaa zitapanda bei. Wote wawili husema kweli. Lakini kuna swali moja ambalo ni nadra kuliona likiulizwa, nalo si la uchumi tu bali ni la haki. Siku moja ya kusubiri ina bei yake, na bei hiyo lazima kuna mtu anailipa. Ni nani huyo, na ni nani aliyeamua kwamba ailipe yeye?

Nimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na naweza kusema kuwa kazi yetu kubwa ilikuwa ni kuhesabu siku. Mteja anadhani wakala analipwa kwa kujaza fomu. Ukweli ni kwamba wakala analipwa ili siku zisizidi. Siku zikizidi, simu hazikatiki, na katika simu hizo zote nilijifunza jambo moja: kila aliyenipigia alikuwa anatafuta mtu wa kumtupia hasara yake.

Msomaji ambaye hajawahi kushughulika na mizigo anaweza kudhani kuwa kilicho ghali katika usafirishaji ni mafuta na matairi. Hivyo ni ghali kweli, lakini tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani meli ilipakiwa gunia kwa gunia na pipa kwa pipa, kwa migongo ya watu, na iliweza kukaa gatini siku nyingi kabla haijaondoka. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani mmoja, Malcom McLean, ambaye alianzia kwenye biashara ya malori, alipakia makontena 58 katika meli iitwayo Ideal X na kuyapeleka kutoka Newark hadi Houston. Tangu siku ile gharama ya kupakia na kupakua ilianza kuporomoka, na leo kreni moja inafanya kwa saa chache kazi iliyokuwa ya kundi zima la makuli kwa siku nyingi. Kilichobaki kuwa ghali ni muda. Meli ikisimama inakula fedha, kontena likisimama linakula fedha, lori likisimama linakula fedha.

Kwa sababu hiyo kila mwenye chombo amejiwekea saa yake. Kampuni ya meli inampa mwenye mzigo siku chache za bure za kukaa na kontena lake. Zikipita, anatozwa kwa kila siku, na kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo kiwango kinavyopanda. Bandari nayo, na bandari kavu pia, ina siku zake za bure na tozo yake ya hifadhi. Mwenye lori ana rejesho la benki linalomsubiri mwisho wa mwezi, lori litembee lisitembee, kwa hiyo naye, akiwa na nguvu ya kutosha, anamwandikia mwenye mzigo ankara ya gari kulazwa. Mwenye mzigo anajumlisha yote hayo na kuyapachika katika bei ya dukani.

Ukiutazama mnyororo huo utaona kuwa kila mmoja ana karatasi inayomruhusu kumpelekea mwenzake bili. Kampuni ya meli ina karatasi. Bandari ina karatasi. Benki ina karatasi. Mwenye lori, akijua kusoma mkataba, ana karatasi. Asiye na karatasi ni mmoja tu, naye ndiye anayelala ndani ya lile lori.

Dereva wa masafa marefu, kwa desturi iliyozoeleka katika njia zetu, hupewa fedha ya safari. Anapigiwa hesabu ya kwenda na kurudi, anakabidhiwa posho ya njiani, na malipo yake yanategemea safari ngapi amekamilisha kwa mwezi. Hesabu hiyo haina ubaya lori linapotembea. Chukua safari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi, karibu kilomita 2,000. Kutoka hapa mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Hapo unavuka kuingia Nakonde upande wa Zambia, unapita Mpika na Serenje, unaingia ukanda wa shaba, na hatimaye unafika Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Mpaka wa Tunduma na Nakonde una kituo cha pamoja cha huduma tangu mwaka 2019, na kinasaidia. Kasumbalesa, kwa upande wake, imejulikana miaka yote kwa foleni zake. Posho ya siku kumi ikiliwa kwa siku ishirini, zile kumi za ziada analipa nani?

Niliwahi kupigiwa simu na dereva aliyekuwa huko na mzigo wa mteja wetu. Akaniambia, "Bosi, leo siku ya sita tuko hapa hapa, hela ya kula imekwisha, na nyaraka wanasema bado." Nikampigia mwenye gari, akasema kosa ni la mwenye mzigo aliyechelewesha nyaraka. Nikampigia mwenye mzigo, akasema amekwishalipa nauli yote, kwa hiyo yanayoendelea ni kati ya dereva na tajiri yake. Kila mmoja alikuwa na hoja, wala hapakuwa na mwongo hata mmoja. Dereva alikula kwa mkopo kwa mama ntilie wa mpakani, na safari ilipokwisha alilipwa fedha ya safari moja, kama walivyopatana.

Ndugu msomaji, hilo ndilo linalonisumbua. Laiti pangekuwa na dhalimu mmoja tungemnyooshea kidole tukamaliza. Lakini hapa kila mmoja ametimiza mkataba wake, na bado mtu ameonewa. Je, inawezekana dhuluma ikapatikana bila ya dhalimu? Nionavyo mimi inawezekana, na mnyororo wa usafirishaji wa siku hizi ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili.

Hebu twende baharini kidogo, kwani bahari imeishi na swali hili kwa muda mrefu kuliko barabara. Tangu zamani sana mabaharia walikuwa na desturi inayofahamika. Jahazi likishikwa na tufani, nahodha anaamuru sehemu ya shehena itoswe ili chombo kiwe chepesi na kisalimike. Kinachotoswa ni kile kilicho karibu na mkono, yaani mali ya mfanyabiashara fulani ambaye hakutenda kosa lolote zaidi ya mzigo wake kuwa juu. Jahazi likifika salama, je, yule aliyetoswa mali yake aambiwe pole, ni bahati yako mbaya? Desturi ilikataa. Ilisema kwamba kilichotolewa kwa ajili ya wote kitalipwa na wote, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake iliyookoka.

Warumi waliipokea desturi hiyo kutoka kwa watu wa kisiwa cha Rhodes, na imo katika mkusanyiko wa sheria uliotengenezwa zama za Mfalme Justinian katika karne ya 6. Mafaqihi wa Kiislamu nao waliijadili. Katika Andalusi, karne ya 10, kiliandikwa kitabu kizima juu ya ukodishaji wa majahazi na ugomvi unaotokea baina ya wenye chombo na wenye shehena, na suala la kutosa mizigo limo humo. Leo desturi hiyo ingali hai katika kanuni za kimataifa ziitwazo Kanuni za York-Antwerp.

Wala isidhaniwe kuwa ni habari ya majahazi ya matanga tu. Tarehe 23 Machi 2021 meli kubwa ya Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez ikiwa na makontena zaidi ya 18,000, ikaziba njia kwa siku sita. Baada ya kunasuliwa tarehe 29, serikali ya Misri iliizuia mpaka tarehe 7 Julai kwa mgogoro wa fidia. Wenye meli wakatangaza ule utaratibu wa kale: kila mwenye mzigo ndani ya meli ile alitakiwa kuweka dhamana ya kuchangia gharama za uokoaji kabla hajakabidhiwa kontena lake. Mtu aliyeagiza viatu na mtu aliyeagiza mashine wote waliingia katika hesabu moja, ingawa hakuna kati yao aliyeshika usukani. Wapo walionung'unika, lakini msingi wake ni wa haki. Tulipanda chombo kimoja kwa ajili ya faida, basi na hasara ya chombo hicho tuibebe pamoja.

Sasa nimlete Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha al-Mustasfa, akizungumzia mipaka ya maslahi, amepiga mfano wa watu waliomo katika jahazi linalotaka kuzama. Wakimtosa mmoja wao wengine wataokoka, na wasipomtosa wataangamia wote. Je, inafaa kumtosa? Jibu lake ni kwamba haifai. Maslahi ya kundi lile, hata yawe makubwa namna gani, hayahalalishi kumchagua mtu mmoja asiye na kosa na kumfanya yeye ndiye bei ya usalama wa wengine.

Ziweke pamoja hukumu hizo mbili. Mali yaweza kutoswa ili watu waokoke, kisha hasara ya mali hiyo ikagawanywa. Mtu hatoswi. Mimi naona kuwa katika barabara zetu tumeigeuza kanuni hii juu chini. Shehena haipotei hata mfuko mmoja, ina bima, ina lakiri, ina kifaa cha kuifuatilia kwa setilaiti. Anayetoswa ni mtu. Ametoswa usingizi wake, afya yake, siku zake na watoto wake, ili mnyororo usikatike na kila mwenye karatasi apate hesabu yake kamili.

Msomaji makini atanipinga hapa, na hoja yake ni nzito. Atasema: dereva hakulazimishwa. Alipatana kwa hiari yake, na bei ya safari imezingatia kuwa njiani kuna kuchelewa. Mkulima anabeba hatari ya mvua, mvuvi anabeba hatari ya bahari, kwa nini dereva asibebe hatari ya foleni? Mtu akipokea ujira kwa ajili ya hatari, kisha hatari ikatokea, hana haki ya kudai tena.

Naikubali nusu ya hoja hiyo. Ni kweli hatari inaweza kuuzwa na kununuliwa, na bima yote imejengwa juu ya jambo hilo. Lakini ili hatari iuzwe kwa haki yanatakiwa mambo mawili. La kwanza, anayeibeba awe na uwezo wa kukataa. Dereva mwenye mkataba wa maandishi, anayejua malipo yake na muda wake, anaweza kusema hapana. Mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini Tanzania, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa ilikuwa ni kuajiriwa bila mikataba. Mtu asiye na mkataba ameuza hatari gani, na kwa bei gani? Hakuuza chochote, amebebeshwa tu.

La pili ndilo muhimu zaidi. Aliyebebeshwa hatari awe na mkono katika kuipunguza. Mkulima anaweza kupanda mtama badala ya mahindi. Dereva aliye katika foleni ya forodha hawezi kufanya lolote. Hana uwezo wa kuharakisha nyaraka, wala kumwamsha ofisa, wala kuuondoa mzigo wa mwenzake ulio mbele yake. Mwenye uwezo huo ni mwenye mzigo, wakala wake, na mamlaka za pande mbili. Ukimwachia hasara mtu asiyeweza kuizuia, na ukamwondolea yule anayeweza, umefanya makosa mawili kwa mpigo. Umemdhulumu mmoja, na umemfundisha mwingine uvivu.

Na hili la uvivu si maneno yangu ya kubuni. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu muda ambao mizigo hukaa katika bandari za Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na Dar es Salaam na Mombasa zilikuwa miongoni mwa bandari zilizochunguzwa. Wakati huo wastani, ukiiacha Durban, ulikuwa karibu siku 20, ilhali katika bandari nyingi kubwa duniani ni siku 3 au 4. Jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba hatuna gati na kreni za kutosha. Ripoti ilionesha kuwa tatizo si hilo peke yake. Wapo waliokuwa wakinufaika na kuchelewa, kwa mfano mfanyabiashara anayeona ni nafuu kuifanya bandari kuwa ghala lake kuliko kukodi ghala mjini, na mwendesha bandari ambaye tozo ya hifadhi ni sehemu ya mapato yake. Pale ambapo kuchelewa ni faida kwa wenye uwezo wa kukuondoa, kuchelewa hakutaondoka, hata ujenge gati kumi.

Huko Marekani nako, nchi yenye barabara na kompyuta za kila aina, madereva wengi hulipwa kwa maili. Lori likisimama mlangoni mwa ghala likisubiri kupakuliwa, saa zile mara nyingi hazina malipo kamili. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo alikadiria kuwa wastani wa muda wa kukaa ghalani ukiongezeka kwa dakika 15 tu, kiwango cha ajali kinachotarajiwa hupanda kwa asilimia 6.2. Sababu haihitaji usomi. Mtu aliyepotezewa saa nne bila malipo atazitafuta barabarani, ama kwa mwendo kasi ama kwa kukesha. Kwa hiyo ile hasara tuliyodhani tumemtupia dereva inaturudia wenyewe usiku katika mteremko, ikiwa na taa zimewashwa.

Kuzidisha mzigo nako ni jambo la aina hiyo hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Wapo wanaoiona mizani kuwa ni kero ya serikali. Lakini majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, yalionesha kuwa uharibifu wa lami hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli, bali kwa takriban uzito huo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ikizidishiwa mzigo kwa asilimia 20, uharibifu unakuwa karibu maradufu. Faida ya zile tani za ziada anapata mtu mmoja, na barabara inalipwa na wote, akiwemo bibi kijijini ambaye hajawahi kuagiza hata katoni moja kutoka nje. Huko ni kuitosa mali ya umma bila ya tufani.

Mafaqihi wana kanuni maarufu kwamba faida huandamana na dhamana, yaani anayestahili pato la kitu ni yule anayebeba na hatari yake. Ndiyo maana katika biashara ya mudharaba hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, na mfanyakazi, maadamu hakuzembea wala hakukhini, hupoteza jasho lake tu. Yeye hadaiwi mtaji. Iweke kanuni hiyo mbele ya lori lililoko foleni. Shaba ikifika, au vitenge, au mafuta ya kula, faida ni ya nani? Si ya dereva. Basi kwa nini siku za kusubiri ziwe zake?

Lazima pia niseme upande wa pili, kwani haki haina upande. Wenye malori nao wana kilio chao. Wapo madereva wanaouza mafuta njiani, wanaosingizia gari bovu ili walale kwao siku mbili, wanaobeba mizigo ya magendo chini ya turubai. Tajiri aliyeibiwa mara tatu anaogopa kuahidi malipo ya kusubiri, kwa sababu anajua kuwa ukimlipa mtu kwa kusimama atapenda kusimama. Hofu hiyo ni ya kweli, na anayeipuuza hajawahi kumiliki hata bajaji. Pia kuna foleni ambazo hazina mkosaji katika mnyororo. Mwezi Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona. Mwezi Agosti 2024 ikafunga kwa muda mfupi mpaka wake na Kongo kufuatia mvutano wa kibiashara kuhusu vinywaji. Mwenye lori hakuzifunga yeye.

Lakini ile hofu ya udanganyifu ina dawa, na dawa tumekwishainunua. Malori mengi ya masafa marefu leo yamefungwa kifaa kinachoonesha gari liko wapi, limesimama saa ngapi na limewaka saa ngapi. Tunakitumia kifaa hicho kumkamata dereva mwizi. Kwa nini kisitumike kumtetea dereva mwaminifu? Kama kinaweza kuthibitisha kuwa alisimama Mbeya saa tisa bila sababu, basi kinaweza kuthibitisha vile vile kuwa alikaa katika maegesho ya forodha siku sita. Shahidi anayesikilizwa akimtia mtu hatiani, na kunyamazishwa akimtoa, si shahidi bali ni mtego.

Na kuhusu mipaka iliyofungwa bila kosa la mtu, hapo ndipo hasa desturi ya bahari inapotufundisha. Tufani nayo haikuwa kosa la mtu. Hasara isiyo na mkosaji ndiyo inayostahili zaidi kugawanywa. Mwenye mzigo abebe fungu lake, mwenye gari abebe lake, na dereva apate angalau chakula chake na ujira wa siku yake, kwa sababu siku ile ameitoa katika umri wake akilinda mali ya watu.

Sisemi kuwa bahari ni pepo. Mwaka 2020, wakati wa korona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, kwa kuwa nchi zilikataa kuwashusha. Kipindi kile kile kilipoendelea na meli zikawa haba, bei ya kusafirisha kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia ilipita dola 10,000 mnamo Septemba 2021, na kampuni ya Maersk pekee ilipata faida ya takriban dola bilioni 29 kwa mwaka 2022. Hilo linaonesha kuwa hata kule ilikoanzia, ile desturi njema imeishia kwenye mali. Wanagawana hasara ya makontena, ama hasara ya watu bado wanawaachia watu wenyewe. Kazi iliyobaki ni kuivusha kanuni kutoka kwenye shehena mpaka kwa aliyeibeba.

Nawaelekea sasa wasomaji wa mjini, kwani si wachache kati yetu wana maduka Kariakoo au wanachanga kontena na wenzao. Tukisoma habari za foleni tunawaza wale wakubwa tu. Lakini foleni nyingine huanzia mlangoni kwetu. Lori limefika alfajiri, mwenye ghala hajafungua, wapakuaji hawajaitwa, na mwenye mzigo amekwenda harusini Tanga. Dereva anaambiwa asubiri mpaka kesho. Siku hiyo hatuna forodha ya kuilaumu wala mpaka uliofungwa. Tumeichukua siku ya mtu bila malipo, na tungeona ajabu kubwa kama angetudai. Sote tumefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kumbe tunaweza kumlipa kwa wakati na bado tukawa na deni lake, kwa sababu tumehesabu jasho la kuendesha na tukasahau jasho la kusubiri.

Ninayoyapendekeza si makubwa. Kila mapatano ya kubeba mzigo yaandikwe, na ndani yake iandikwe idadi ya saa au siku za kusubiri zilizomo katika bei. Zikizidi, yule aliyesababisha alipe kwa kila siku, na asipojulikana aliyesababisha, hasara igawanywe kwa mafungu yaliyokubaliwa tangu mwanzo. Sehemu ya malipo hayo iwe ni ya dereva na utingo wake, isiishie mfukoni mwa mwenye gari. Kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari zipatikane kwa pande zote. Na mwenye ghala asikubali miadi ya kupokea mzigo ambayo hawezi kuitimiza. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya ya Bunge, kwani waungwana wawili wanaweza kuyaandika katika karatasi moja.

Litaongeza bei ya bidhaa? Pengine kidogo. Lakini gharama hiyo ipo leo pia, ila haionekani kwa sababu inalipwa kimya kimya na mtu ambaye hatumwoni. Bei inayopanda kwa sababu mlipaji wa haki amepatikana si bei ya dhuluma. Na huenda ikashuka baadaye, kwani mwenye mzigo akianza kulipia siku zake ataandaa nyaraka mapema, na foleni itafupika bila kuhutubiwa na mtu.

Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliosema hivyo hawakuwa wakitusifu. Walikuwa wakitueleza jinsi macho yanavyotudanganya tunapotazama mgongo usio wetu. Tunaoletewa kila kitu kwa lori, kuanzia unga hadi vidonge vya hospitali, tuanze kuuliza uzito wa kanda lile.

Wabillahi tawfiq.